Evita Bezuidenhout: Mama wa Kikaburu Aliyemhoji Mandela

Evita Bezuidenhout ni mwanamke ambaye hajawahi kuwepo. Ndani ya gauni, wigi na kope zake za bandia yumo Pieter-Dirk Uys, mwandishi wa tamthilia aliyezaliwa Cape Town, Afrika Kusini, mwaka 1945, baba Kaburu, mama Myahudi kutoka Ujerumani. Mwaka 1994 Evita alikuwa na kipindi chake cha mahojiano na burudani, Funigalore, katika televisheni ya kulipia ya M-Net, na Nelson Mandela alikuwa miongoni mwa waliokubali kuketi naye.

Evita alizaliwa gazetini. Katika miaka ya 1970 wadhibiti wa serikali walipiga marufuku tamthilia za Uys. Katika safu yake ya Sunday Express, gazeti la Johannesburg, akabuni mke wa mwanasiasa wa chama tawala, mpenda umbea, anayesimulia waliyoyanong'ona wakubwa karamuni. Neno ambalo lingemponza mwandishi likapita salama likiwa soga la mama mwenye nyumba.

Mwaka 1981 mama huyo alipanda jukwaani katika onyesho la Adapt or Dye. Waziri Mkuu P. W. Botha alikuwa amewaonya Wazungu wenzake kwamba wasipobadilika watakufa. Uys akachezea herufi moja tu ya Kiingereza: die, yaani kufa, ikawa dye, yaani kupaka nywele rangi. Baadaye akampa Evita ubalozi katika Bapetikosweti, bantustani ya kubuni, yaani eneo la kutengewa Waafrika enzi za ubaguzi wa rangi. Makaburu waliokejeliwa nao walimwita Tannie, yaani shangazi.

Televisheni ilichelewa kufika Afrika Kusini. Albert Hertzog, aliyekuwa waziri wa posta na telegrafu, aliipinga kwa miaka mingi, akihofia itawaharibu watu. Matangazo rasmi yalianza Januari 1976, ilhali Kenya ilikuwa nayo tangu 1962, na Zanzibar ilikwishaona hata ya rangi. Ilipokuja ikawa mdomo wa serikali, kwa hiyo Evita alikuzwa na kumbi za maonyesho. Huko Uys hakuficha ufundi wake: alijipaka rangi ya midomo na kuvaa wigi mbele ya watazamaji, nao wakacheka wakijua vizuri wanachekeshwa na nani.

Ndiyo maana Funigalore ilikuwa kinyume cha yote yaliyotangulia. Mtu aliyejificha nyuma ya gauni ili kuwasema watawala sasa aliwakaribisha watawala wapya kitini, nao wakazungumza na Evita kana kwamba ni bibi halisi. Mwanahabari akiuliza swali gumu, mwanasiasa hujihami. Shangazi akiuliza lile lile, huanza kwa kucheka, na mara nyingi hujibu.

Mwaka 1996 Uys aligeuza stesheni ya zamani ya Darling, mji mdogo kaskazini mwa Cape Town, kuwa ukumbi wa Evita se Perron. Perron kwa Kiafrikaans ni jukwaa la stesheni, na pia ni mzaha juu ya Eva Perón, mke wa rais wa Argentina aliyejulikana kama Evita. Nje akaweka bustani ya masalio ya enzi ya ubaguzi, aliyoiita Boerassic Park.