Nani Alikatazwa Kujitanda?

Siku ya gulio Lushoto, wanawake wengi, Waislamu kwa Wakristo, hujitanda kanga au kufunga kilemba. Tumezoea kuuliza ni nani anayewalazimisha wanawake kufunika vichwa. Historia ya milima hii inadai swali la pili: ni nani aliyewahi kuwakataza?

Kimweri ya Nyumbai alipofariki mwaka 1862, ufalme wa Wasambaa uliingia vitani. Semboja, mwanawe, alijiimarisha Mazinde, kwenye njia ya misafara, na mateka wakateremshwa hadi Pangani kuuzwa. Wengine walivushwa kwenda Pemba na Unguja. Huko mjakazi alijifunga kaniki au merikani chini ya kwapa, kichwa wazi. Ushungi ulikuwa wa waungwana.

Amri ya 1897 ilifuta utumwa Unguja na Pemba, ingawa masuria walisubiri hadi 1909. Tanganyika ilisubiri hadi 1922. Wanawake walioachwa huru waliikimbilia kanga: kipande kimoja mwilini, cha pili kichwani. Baadaye wakavaa buibui, vazi la mabibi zao wa jana.

Sheria ya Kiyahudi inaijua mizani hiyo. Kwa mujibu wa Mishna, iliyokusanywa yapata mwaka 200 BK, mke anayetoka nje kichwa wazi anaweza kuachwa bila malipo ya mkataba wake wa ndoa. Huo ni mzigo. Lakini Mishna hiyohiyo inasimulia kuhusu mwanamume aliyemvua mwanamke ushungi sokoni. Rabi Akiva akamtoza zuzi 400. Yule bwana akaomba muda, kisha akavunja mtungi wa mafuta mlangoni kwa mwanamke huyo, mashahidi wakiwa tayari. Mwanamke akajifunua mwenyewe, akachota mafuta kwa kiganja na kujipaka nywele. Bwana akarudi kwa rabi: huyu wa mafuta ya senti ndiye nimlipe zuzi 400?

Akiva hakupunguza hata moja. Aliyojifanyia mwenyewe hayakumpa mwingine ruhusa ya kumtendea. Na maskini wa Israeli, alisema, wahesabiwe waungwana waliopoteza mali zao.

Neno hilo, waungwana, ndilo walilonyimwa mateka wa Usambara. Kabla ya kuwahukumu bibi zetu kwa kujitanda, tukumbuke kwamba wapo waliovaa kanga kichwani kama cheti cha uhuru, na hakuna aliyewaamuru.