Manilal Desai na Mtambo Uliochapa "Tangazo"

Wanafunzi wetu wa huku Iyolwa, si mbali na mpaka wa Kenya, hupenda kuuliza kama Kiswahili kililetwa bara na askari na wachuuzi peke yao. Mimi huwasimulia habari za Manilal Ambalal Desai, mtu ambaye Kiswahili hakikuwa lugha yake ya kuzaliwa.

Desai alitoka Surat, Bara Hindi, akafika Nairobi mwaka 1915 kufanya kazi katika ofisi ya mawakili wa Kizungu. Hakudumu humo. Alijitosa katika siasa za Wahindi waliodai haki sawa na walowezi, akaanzisha gazeti la Kiingereza lililoitwa East African Chronicle.

Mwaka 1921 walowezi waliazimia kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja. Kijana Harry Thuku, karani wa simu katika Hazina ya serikali, akaunda chama. Kwanza kilichukua jina la Wakikuyu, kisha kikaitwa Chama cha Afrika Mashariki. Thuku aliwahi kupanga herufi katika kiwanda cha gazeti la walowezi, lakini mtambo wake mwenyewe hakuwa nao. Desai alimpa nafasi katika ofisi yake, na mtambo wa Chronicle ukachapa karatasi za Thuku zilizoitwa "Tangazo".

Karatasi hizo ziliandikwa kwa Kiswahili. Tazameni busara yake, walimu wenzangu: Kikuyu kingewaacha nje Wakamba, Waluo na Waganda waliokuwa Nairobi, Kiingereza kingewaacha nje karibu wote.

Desai naye alikuwa na haja yake, maana Wahindi walitafuta marafiki katika ugomvi wao na walowezi juu ya viti vya baraza na ardhi ya nyanda za juu. Hata hivyo, kwa haja hiyo peke yake asingelihatarisha gazeti lake. Thuku alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye umati uliokusanyika mbele ya kituo cha polisi ulifyatuliwa risasi. Serikali yenyewe ilikiri vifo 21. Thuku alipelekwa uhamishoni Kismayu, na mwaka huohuo Chronicle likanyamaza.

Mwaka 1925 Desai aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria. Hakukaa sana: mwaka 1926 alifia Bukoba, Tanganyika, akiwa safarini. Nairobi ilijengewa ukumbi wenye jina lake. Thuku aliyemchapia aliishi hadi mwaka 1970.