Swali la 1957 Halijazikwa

Tangu mwaka 2020 tumezoea kusikia kwamba dai la Roger Penrose limekufa. Mwingereza huyo anashikilia kuwa graviti, nguvu ileile iangushayo matunda msituni, ndiyo inayozuia vitu vikubwa kuwa katika hali mbili kwa pamoja. Wanaolizika wangesoma kwanza kumbukumbu za mkutano wa Chapel Hill, Marekani, wa Januari 1957, zilizohaririwa na Cécile DeWitt.

Chimbuko la mzozo linajulikana. Fizikia ya kwantumu huruhusu elektroni moja kupita njia mbili kwa wakati mmoja. Mbega wa Buyangu, kaskazini mwa msitu wa Kakamega, naye ameumbwa kwa elektroni na atomi, lakini hakuna aliyewahi kumkuta kwenye matawi mawili. Niels Bohr alitenganisha vidogo na vikubwa bila kuonyesha mpaka uko wapi. Hilo si jibu.

Chapel Hill, Richard Feynman alilikabili swali lenyewe. Aliwaza mpira wa kipenyo cha sentimita moja, ufungwe kwenye chembe iliyo katika hali mbili hadi nao uwe huku na kule. Je, graviti yake itavutia kuelekea wapi? Ama graviti nayo inatii sheria za kwantumu, ama sheria hizo hukoma vitu vinapokua. Feynman alielemea jibu la kwanza, ila alikubali kwamba la pili halipingani na lolote linalojulikana, akataja hata uzani ambapo mambo yangegeuka: karibu sehemu moja ya laki moja ya gramu. Mbu mmoja huuzidi uzani huo zaidi ya mara mia.

Mwaka 1966 Mhungaria Frigyes Károlyházy alifuata njia iliyokaribiana na hiyo. Mwenzake Lajos Diósi alitoa hesabu zake miaka ya 1980. Mwaka 1996 Penrose akaeleza sababu: kitu kizito kikiwa mahali pawili hupinda anga na wakati kwa namna mbili, na hali hiyo haidumu. Tofauti ikiongezeka, muda wake hufupika.

Wengine, wafuasi wa Dieter Zeh, tangu 1970 husema graviti haihitajiki: hewa na mwanga vinatosha kuvuruga hali hizo mbili. Wanaeleza kwa nini hali mbili hazionekani. Kwa nini moja ndiyo inayotokea, hawaelezi.

Habari za kifo hicho zilitoka chini ya mlima Gran Sasso, Italia, ambako kifaa cha jemaniamu kilitafuta mnururisho hafifu uliotabiriwa na hesabu za Diósi. Hakikuupata. Kilichoanguka ni toleo la nadharia hiyo lililo rahisi kuliko yote. Penrose hakuijenga hoja yake juu ya mnururisho huo.

Mwaka 2017 Sougato Bose na wenzake, na kando yao Chiara Marletto na Vlatko Vedral, walipendekeza jaribio la haki zaidi: vitu viwili vidogo viunganishwe na graviti peke yake. Vikifungamana kikwantumu, yaani hali ya kimoja isielezeke bila ya kingine, sisi tunaomtetea Penrose tutalazimika kukubali kwamba graviti nayo ni ya kwantumu. Jaribio hilo halijafanyika, na kabla ya kufanyika, hukumu ya kifo haina msingi.