Matao ya Bermondsey

Mimi ni fundi mwashi, na kwangu jengo bora kuliko yote mjini London ni daraja la reli linalotoka London Bridge kwenda Greenwich. Sehemu yake ya mtaa wa Bermondsey ilianza kupitisha treni mwaka 1836. Daraja zima ni matao ya matofali zaidi ya 850, yameshikana bega kwa bega. Mhandisi George Landmann aliipandisha reli juu ili isikatize barabara za mitaani, na nafasi ya chini ikabaki ziada. Kampuni ilitumaini kuipangisha iwe makazi, lakini nani angelala pale, maji yanavuja na treni inanguruma juu ya kitanda?

Wakaingia wenye kazi zao: mazizi, maghala, karakana. Bermondsey nzima ilinuka ngozi, siki na biskuti za Peek Freans. Oktoba 1940, wakati wa vita, bomu liliwaua watu 77 waliojificha chini ya tao la Druid Street. Nikipita hapo husimama nikawaombea. Baadaye viwanda vikafungwa kimoja kimoja. Kile cha bia cha Courage, kilichoanza mwaka 1787 kando ya mto, kilifungwa 1981. Cha biskuti kikafuata 1989.

Mwaka 2009 Evin O'Riordain, aliyekuwa muuza jibini, alianzisha kiwanda cha bia cha The Kernel ndani ya tao, akafufua bia nyeusi nzito za London kwa mapishi ya karne ya 19. Wengine wakamfuata, na Jumamosi watu wakawa wanatembea tao hadi tao wakionja.

Mimi bia sinywi. Ninayofuata ni matofali. Ukuta ule mnene hautaki joto, na chini ya dari lile tangi refu la chuma linasimama wima bila kubomoa kitu. Ukiinua macho utaona mabati yaliyokunjwa kufuata mviringo wa tao: yanakinga maji yanayopenya kwenye matofali na kuyapeleka kwenye mfereji.

Lakini kilichowaleta hasa watengeneza bia ni kodi nafuu. Mwaka 2019 Network Rail, mwenye reli na matao hayo, ilikamilisha kuuza haki ya kupangisha maelfu ya matao na majengo yake kwa pauni bilioni 1.46, wakati wapangaji wameshaanza kulia na kodi zinazopaa. Wapo watengeneza bia waliokwisha kuhama. Naona kuwapandishia kodi hadi wahame ni kosa kubwa, na nasema kama fundi: tao lisilo na mpangaji halina wa kuzibua mfereji, na maji yakisimama nyuma ya mabati, chokaa huanza kumumunyika.