MBEGU YA MUHOGO NA MIAKA KUMI YA KIKUNDI CHETU

Sisi viongozi tumeona tuandike habari ya muhogo, maana muhogo ndio uliotaka kukivunja kikundi chetu, na ni huo huo uliotufundisha kukaa pamoja.

Hapa Ujiji watoto wote husimuliwa jinsi Stanley alivyomkuta Livingstone mwaka 1871. Habari ya muhogo haisimuliwi, ingawa ndio unaotulisha. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Wareno waliuleta Afrika katika karne ya 16, ukapita Kongo mkono kwa mkono mpaka nchi hizi za Maziwa Makuu. Baadaye serikali ya Mkoloni ikauhimiza uwe chakula cha akiba wakati wa njaa, kwa kuwa unaweza kukaa ardhini mpaka utakapohitajika. Mama zetu walitulea kwa ugali wa muhogo, migebuka na sombe iliyotiwa mawese.

Maradhi yake nayo si ya jana. Batobato iliandikwa na wataalamu mara ya kwanza mwaka 1894, katika nchi yetu hii, enzi za Mjerumani. Michirizi ya kahawia iliandikwa mwaka 1936 na mtaalamu aitwaye Storey, kutoka kituo cha utafiti cha Amani huko Tanga. Mwishoni mwa miaka ya 1980 batobato kali ilizuka Uganda, mwishoni mwa miaka ya 1990 ikaingia Kagera, halafu ikaenea Maziwa Makuu. Michirizi, iliyojulikana zaidi kuwa ya pwani, nayo ikaanza kuonekana kando ya Ziwa Victoria kuanzia mwaka 2004 na kuzidi kusogea. Kwa hiyo tulipoanza kikundi mwaka 2015, maradhi hayo yalikuwa yameshapiga hodi. Sisi hatukujua.

Tulianza akina mama 18, sanduku moja lenye kufuli tatu, na funguo kwa mama watatu. Wengi wetu tulikuwa tunauza dagaa, mawese na maandazi. Mwaka 2017 tuliamua kukopeshana tulime muhogo, tukakodi ekari nne upande wa Mwandiga. Mbegu tulinunua kwa mtu aliyekuwa anasafisha shamba lake. Bei ilikuwa rahisi, miti minene, majani yake ya kijani. Hatukumuuliza muhogo wake chini ulikuwaje.

Mwaka uliofuata tukachimba. Jamani! Nje mzima, ukikata ndani mabaka ya kahawia, makavu kama gome la mti. Zaidi ya nusu haukufaa hata kulowekwa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na shamba lile lilituumbua mbele ya mji mzima.

Marejesho yakasimama. Mama mmoja mjane akasema atauza mabati ya nyumba yake alipe. Baadhi wakasema basi auze, katiba ni katiba. Wengine wakalia. Hapa lazima tuseme ukweli, maana kijitabu hiki watakisoma watoto wetu. Sisi viongozi ndio tuliosema tununue ile mbegu ya rahisi, na tulikaa kimya wiki mbili tukiwaacha wenzetu walaumiane. Wiki ya tatu tulisimama mkutanoni tukakiri. Ikakubaliwa kwamba deni liongezewe mwaka bila faini, na sisi viongozi tusichukue gawio la mwaka ule. Mabati hayakuuzwa. Hata hivyo wanachama watano waliondoka, na hatuwalaumu.

Ndipo tukamwendea bwana shamba, atueleze kwa nini shamba moja linatoa na jingine halitoi. Alisema jambo la kwanza ni mbegu. Muhogo hatupandi punje kama mahindi, tunapanda kipande cha mti wenyewe, kwa hiyo ugonjwa wa mti mama unakwenda nacho. Halafu inzi weupe wadogo wanaokaa chini ya majani huutoa mti mgonjwa na kuupeleka mzima. Michirizi ni mjanja, kwani majani yanaweza kuonekana mazuri huku chini pameoza. Kwa hiyo kabla ya kununua mbegu, chimba mashina kadhaa upasue muhogo uone. Bora zaidi ni kununua mbegu ya aina inayovumilia magonjwa, iliyokaguliwa na TOSCI.

Pili ni kipande chenyewe. Kitoke kwenye mti uliokomaa, miezi 8 hadi 12, kiwe na sentimeta 20 hadi 30 na macho matano hadi saba. Ncha laini ya juu hukauka upesi. Tatu ni majira. Mvua zetu huanza Oktoba au Novemba, na anayepanda mapema ndiye anayefaidi. Miti ya kungojea mvua isimamishwe kivulini, vitako vyake vikiwa ardhini, isikaushwe na jua. Nne ni nafasi, mita moja kwa mita moja, mashina kama 4,000 kwa ekari. Tano ni palizi, hasa miezi mitatu ya mwanzo. Sita ni kung'oa mti mgonjwa mara unapoonekana, bila huruma.

Mwaka 2019 tulipanda mbegu safi nusu ekari tu, mbali na shamba la zamani. Muhogo hauzai mbegu haraka. Mahindi gunzi moja linakupa mamia ya punje, lakini mti mmoja wa muhogo hukupa vipande kama kumi tu. Ilibidi tuwe wavumilivu. Leo tunakula, tunauza muhogo, na tunauza mbegu kwa majirani.

Mwaka 2022 batobato ilionekana kwenye kitalu chetu, na wateja walikuwa wameshaagiza. Wapo waliosema tuuze, nani atajua? Yule mama wa mabati, ambaye sasa ni mmoja wa washika funguo, akajibu, "Sisi tutajua." Tukang'oa mistari ile yote, tukachoma moto, wateja tukawaambia wangoje msimu mwingine.

Wenzetu watano mlioondoka, kama mnasoma haya, mlango uko wazi na mbegu yenu ipo. Mungu abariki kikundi chetu, na miaka kumi ijayo itukute shambani.