Daftari la Sanduku la Posta

Baba alikodi sanduku la posta Nakuru kabla sijazaliwa. Ufunguo ulikuwa mmoja, lakini watu waliolitumia walikuwa 14. Najua idadi kwa sababu aliwaandika kwenye daftari la kurasa 96, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Kila mstari ulikuwa na jina, barua inayotarajiwa na mwaka. Jirani aliyengoja barua ya kuitwa kazini. Mama muuza mitumba ambaye mwanawe alikuwa ughaibuni. Kijana aliyengoja matokeo ya mtihani. Wote waliandika anwani ile ile, kisha "kupitia kwa" na jina la Baba.

Kama ulikulia kwenye WhatsApp, hili linaweza kukuchanganya kidogo. Kenya, kwa wengi wetu, mtu wa posta hakuwahi kuja hadi mlangoni. Barua ilikwenda posta ikakaa sandukuni. Ndiyo maana hadi leo fomu inakuuliza S.L.P. na nambari kama 00100 ya Posta Kuu Nairobi au 20100 ya Nakuru, hata kama hujawahi kushika ufunguo wa sanduku. Anwani haikuonyesha unakoishi. Ilionyesha nani anakupokelea.

Sasa tuvuke bahari. Mwaka 1971, mhandisi Ray Tomlinson alikuwa kazini Bolt Beranek and Newman, kampuni ya Cambridge, Massachusetts, nchini Marekani. Alikuwa akijaribu kutuma ujumbe kutoka kompyuta moja hadi nyingine kupitia mtandao wa ARPANET. Alihitaji alama ya kutenganisha jina la mtu na jina la mashine, akachagua @. Wakati huo mambo yalikuwa rahisi: mtu mmoja, jina moja, mashine moja.

Urahisi huo haukudumu. Watu huhama kazi, lakini kazi yenyewe hubaki. Nani apokee malalamiko kama fundi wa jana ameondoka? Mwaka 1982, kanuni za barua pepe zilizoitwa RFC 822 zilitaka kila mtandao unaopokea barua uwe na anwani ya "postmaster", yaani mkuu wa posta. Hilo halikuwa jina la mtu, bali la kiti. Aliyeketi juu yake ndiye aliyesoma barua. Mwaka 1997 kanuni nyingine, RFC 2142, iliorodhesha viti zaidi: "info", "sales", "support", "abuse". Ukiona anwani ya info@ kwenye bango la duka pale Moi Avenue, hicho ni kimoja cha viti hivyo.

Hizi ndizo lakabu za barua pepe: jina linaloonekana mbele, na mtu mwingine kabisa nyuma yake. Kwenye sendmail, programu iliyoandikwa na Eric Allman katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, lakabu zilikaa kwenye faili la maandishi ya kawaida. Kushoto unaandika lakabu, unaweka nukta mbili, kulia unaandika anayepokea. Na mstari ukianza na alama ya #, mashine inauruka. Haiusomi kabisa. Mstari huo ni wa binadamu: hapo ndipo msimamizi angeandika lakabu hii ni ya nani, iliwekwa kwa nini, iondolewe lini.

Nilipoona faili kama hilo mara ya kwanza, nilicheka. Kumbe ni daftari la Baba!

Gmail ilipofunguliwa tarehe 1 Aprili 2004, mchezo ule wa wasimamizi ulianza kutufikia sisi watu wa kawaida. Unaweza kuongeza alama ya + na neno lolote baada ya jina lako, na barua bado inakufikia. Duka moja unalipa +viatu, benki unaipa +benki. Siku tangazo la mkopo ambalo hukuomba likija kupitia +viatu, unajua nani alipeana anwani yako. Baadaye Apple nao walileta huduma ya kuficha anwani: simu inakutungia jina la ovyo ovyo kwa kila mahali unapojisajili.

Na kuna sababu ya kujificha. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinatupa haki ya faragha, na tangu 2019 tuna Sheria ya Kulinda Data. Lakini bado kwenye lango la jengo lolote mjini utaandika jina, nambari ya simu na kitambulisho kwenye kitabu ambacho yeyote anayekuja baada yako anaweza kusoma. Ukizoea hivyo, lakabu inakuwa kama pazia.

Mimi nilipenda hilo pazia kupita kiasi. Kufikia 2021 nilikuwa na lakabu zaidi ya 30, na rekodi yake ilikuwa kichwani mwangu tu. Jumapili moja niliamua kusafisha. Saba sikukumbuka ni za nini, na hakuna chochote kilichoingia kwa miezi, kwa hivyo nikazifuta. Moja kati ya hizo ndiyo niliyokuwa nimeandika kwenye maombi ya ufadhili wa masomo. Barua ya kuniambia nimepata, nithibitishe ndani ya siku 14, ilitumwa ikakosa mlango. Nilipopiga simu kuuliza, nafasi ilikuwa imepewa mwingine. Sikuwa na wa kulaumu. Wao walituma mahali nilipowaambia watume.

Nilimweleza Baba. Hakuelewa lakabu ni nini, na sikujaribu sana kumfafanulia. Aliuliza swali moja tu: "Na ulikuwa umeandika wapi?"

Siku hizi nina jedwali. Safu ya kwanza ni lakabu, ya pili nimempa nani, ya tatu kwa nini, ya nne tarehe. Lakabu isiyotumika naizima kwanza mwaka mzima kabla ya kuifuta, na naandika kwamba nimeizima. Ni kazi ya dakika moja kila nikijisajili mahali, na bado kuna siku naona uvivu.

Nikiona uvivu, nalikumbuka lile daftari. Baba hakuwahi kufuta mstari hata mmoja. Yule mama wa mitumba alipohama mtaa, jina lake halikukatwa. Kando yake kuna maandishi ya kalamu ya bluu, yamefifia lakini yanasomeka: "Amehamia Gilgil. Barua ya mtoto ikija, mpe dada yake sokoni."

Ilikuja miaka miwili baadaye. Dada yake aliipokea.