Wazee wa Marekani na neno "wa kutosha"

Jamani, ukisikia Mbongo yuko Marekani "anabeba boksi", usidhani lazima yuko ghalani. Kwa wengine boksi lenyewe ni mzee wa miaka 85: kumgeuza kitandani asipate vidonda, kumwosha, kumlisha, kumpeleka chooni. Sasa piga hesabu. Zamu ya saa 8 ni dakika 480. Ukipewa wazee 12, kila mmoja ana dakika 40. Mwenzako asipotokea ukaachiwa 24, ni dakika 20, chakula na choo humo humo.

Nani anaamua upewe wangapi? Hapo pana historia ndefu.

Mwaka 1965 Marekani ilianzisha Medicare na Medicaid. Fedha za serikali zikaanza kumiminika kwenye nyumba za kutunzia wazee, nyingi za watu binafsi, na biashara ikanoga. Vilio navyo vikafuata: vidonda, uchafu, wazee kufungwa kamba kwenye viti. Ilichukua zaidi ya miaka 20 hadi Rais Reagan aliposaini sheria ya marekebisho, Desemba 1987. Sheria nzuri kwa mengi. Wasaidizi wa manesi lazima wasomee kazi angalau saa 75, na nesi aliyesajiliwa awepo saa 8 mfululizo kila siku. Lakini kuhusu idadi ya wafanyakazi wote kwa jumla, ilisema tu wawe "wa kutosha".

Wa kutosha! Sisi waandishi tunalijua neno la namna hiyo. Ukimpelekea mhariri, anakuuliza: wangapi?

Mwaka 2001 utafiti ulioagizwa na serikali yenyewe ulijibu. Mzee anayeishi humo muda mrefu akipata chini ya saa 4.1 za uangalizi kwa siku, hatari ya kudhurika inapanda. Namba ikapatikana, ila haikugeuzwa sheria.

Na hata hesabu ya waliopo ilikuwa kichekesho. Kila nyumba ilijaza yenyewe fomu kuhusu wiki mbili za kabla ya ukaguzi, na ukaguzi ni kama mara moja kwa mwaka. Mwenye nyumba akihisi wakaguzi wanakaribia, unadhani atapunguza watu? Sheria ya afya ya Obama ya 2010 ndiyo iliyodai takwimu zitokane na malipo ya mishahara, na zikaanza kukusanywa 2016. Mwaka 2018 gazeti la New York Times likaonyesha zilichofichua: nyumba nyingi zilikuwa na watu wachache kuliko zilivyokuwa zikidai, hasa Jumamosi na Jumapili.

Kisha ikaja korona. Hadi mapema 2022, zaidi ya wakazi na wafanyakazi 200,000 wa nyumba hizo na makao ya aina hiyo walikuwa wamekufa. Aprili 2024 serikali ya Biden ikatoa kanuni yenye namba: saa 3.48 kwa kila mzee kwa siku, na nesi aliyesajiliwa saa 24. Angalia, ni pungufu ya ile 4.1 ya 2001.

Wamiliki wakapiga kelele kwamba manesi hawapatikani na gharama hazibebeki. Hoja ya manesi si ya kupuuza, hasa vijijini. Ila mshahara ukiwa mdogo, nani atakuja? Aprili 2025 jaji wa Texas akaitengua kanuni. Hoja yake: Bunge liliandika saa 8, basi wizara haina mamlaka ya kuandika 24. Julai Bunge likazuia utekelezaji wake hadi 2034, na Desemba wizara yenyewe ikavifuta viwango hivyo.

Takwimu za mishahara bado zinakusanywa, na mtu yeyote anaweza kuzisoma mtandaoni. Wakaguzi nao wanarudi na kipimo kile kile cha Reagan.